Mama Kipofu Alisema Nini

Kwanza ilisikika jenereta, ikikohoa kama mtu aliyekunywa maji kwa pupa, kisha ikatulia katika mngurumo wake. Ikafuata sauti ya mwanamke wa Kihindi akilia kwa lugha yake. Na juu ya kilio hicho, bila kukisubiri kiishe, ikaja sauti ya baba yangu mdogo kwenye maiki: "Mama anasema hivi: ng'wanone, mwanangu, umechelewa, matobolwa yamepoa."

Hivyo ndivyo nilivyoijua sinema. Nilikuwa nje, sikio limebanwa kwenye bati ambalo jua la Bugarama lilikuwa limelichoma tangu asubuhi, na sikio moja lilipoungua niligeuza la pili. Ndani ya banda kulikuwa na televisheni ya chogo, deki, mabenchi ya mbao, na wachimbaji wadogo waliotoka kwenye maduara yao, yale mashimo wanayoyashukia kwa kamba kutafuta dhahabu, vumbi likiwa bado kwenye nyusi. Mtoto wa kike hakuruhusiwa kuingia. Banda lilikuwa la baba mdogo, sheria ilikuwa yake, na mimi nilikuwa mgeni wa likizo tu, niliyeletwa kutoka Ibadakuli ili nikamsaidie mama mdogo kuchota maji. Maji nilichota. Halafu nikaenda ukutani.

Nilijua mengi kwa njia ya bati. Nilijua lini jambazi ameingia, kwa sababu mabenchi yalilia wote wakiinama mbele. Nilijua lini wapenzi wamekutana, kwa sababu banda zima lilikaa kimya kama kanisani. Na nilijua kosa kubwa kuliko yote mle ndani. Mtu aliweza kuvuta sigara, kutukana, kulala na kukoroma, asiulizwe. Lakini akitoka akaacha wazi, mwanga ukamwagika kwenye kioo na picha ikafa, watu wote walipiga kelele kwa sauti moja: "Mlango!"

Sasa mimi ni mwandishi. Nina riwaya moja iliyochapishwa, ya pili iko njiani na imekuwa njiani muda mrefu, na niko katika kundi la waandishi wa Shinyanga mjini, tunaokutana nyuma ya duka la vifaa vya shule. Kila mmoja wetu ana skafu na ana huzuni. Mtu akisoma shairi lake tunapiga makofi kabla hajamaliza, ili naye atupigie sisi. Ni watu hao walionishauri nifungue ukurasa mtandaoni. "Una macho ya sinema," aliniambia mmoja wao, mshairi. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba nina masikio ya sinema. Macho yalikuwa yakitazama bati.

Basi nikawa naandika juu ya sinema za zamani, historia ya huku kwetu, na maoni yangu kuhusu kila kitu kilichopita mbele yangu. Wasomaji wakaja. Siwezi kuwaelezea wasomaji wa mtandaoni bila kuwapenda, na siwezi kuwapenda kwa muda mrefu. Kuna yule anayeanza kila hoja kwa kusema, "Mimi si mtaalamu, lakini," halafu anashuka na utaalamu mpaka chini. Kuna mwenye picha ya simba anayeogopa wanawake. Kuna mama mmoja wa Kahama anayeandika "Amina" hata penye picha ya ng'ombe. Na kuna wale waaminifu wasiosoma kitu zaidi ya kichwa cha habari, ambao ndio hukasirika zaidi.

Siku moja niliuliza swali dogo: ile safu ya miti mikubwa kando ya barabara ya zamani, aliipanda Mjerumani au Mwingereza? Nilidhani nitapata kumbukumbu za wazee. Nilipata vita.

"Mjerumani. Angalia ilivyonyooka."

"Mwingereza pia anajua kunyoosha."

"Wote wawili walikaa kivulini. Aliyepanda ni babu yangu."

"Babu yako alikuwa Mjerumani?"

Wakatukanana wiki nzima juu ya miti ambayo, kwa mujibu wa mtu aliyekwenda kuitazama, nusu yake ilishakatwa ikawa mkaa. Ukurasa wangu ulipata wafuasi wengi kwa fujo hiyo kuliko ulivyowahi kupata kwa insha zangu nzuri. Nikajifunza somo baya, nikalifuata.

Ndipo nikaandika ile makala ya mama kipofu.

Ilihusu sinema moja ya Kihindi ambayo kila mtu wa umri fulani kutoka Kahama mpaka Geita ameililia. Kijana ameondoka nyumbani, amekuwa mwizi wa farasi, anarudi baada ya miaka. Mama yake amepofuka kwa kulia. Anampapasa uso, anakuta kovu, anamjua, anamsamehe, na anamwambia maneno yale ya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, ambavyo Msukuma yeyote akivisikia hukumbuka jiko la kwao. Niliandika aya ndefu juu ya falsafa ya msamaha ya Bara Hindi. Niliandika kwamba mama yule amewalea wachimbaji wa dhahabu wa Bulyanhulu bila kulipwa. Na katika aya ya mwisho, kwa mapenzi matupu, nikamsifu "yule mfasiri mkuu wa banda la Bugarama, mtu aliyejifunza Kihindi mwenyewe bila mwalimu wala kitabu." Jina lake sikulitaja. Bugarama nzima ilijua.

Makala ilisambaa. Wanaume wazima waliandika kwamba wanalia upya. Ugomvi wa kwanza ulikuwa mdogo tena mtamu:

"Mwandishi umekosea. Hakusema matobolwa. Alisema michembe, vile viazi vinavyokaushwa vibichi."

"Matobolwa! Nilikuwa benchi la mbele."

"Mimi niliiangalia mara nyingi kuliko wewe. Michembe."

Hapo ndipo alipoingia mtu nitakayemwita Bwana Ushahidi, kwa kuwa hilo ndilo neno aliloanza nalo kila mara. Alikuwa msomaji wa muda mrefu, hajawahi kukubaliana nami hata juu ya hali ya hewa. Aliandika: "Ushahidi uko wapi? India hakuna matobolwa. Hakuna michembe."

Akajibiwa na mwenye picha ya simba: "Umefika India?"

"Sijafika. Nimeiona sinema yenyewe, ina maandishi ya tafsiri chini. Mama yule hasemi chochote cha chakula. Na si mama."

Mama wa Kahama akaandika, "Amina."

Kisha mvua ikanyesha. Walimwita msaliti, wakala wa mabeberu, mtoto aliyenyonyeshwa kwa chupa. Yeye akajibu kila tusi kwa aya iliyopangwa vizuri, na kila aya ilimalizika kwa swali lilelile: kama si hivyo, basi nani amewadanganya? Aliuliza mara nyingi mpaka watu wakaanza kulijibu. Mtu mmoja akaandika kwamba yule mfasiri mkuu anayesifiwa hapo juu bado yuko hai, anafanya kazi ya MC, na juzi tu aliendesha harusi ya binamu yake.

Simu ya baba mdogo ikaja siku ya pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Huko mtandaoni mmeniandika nini?"

"Nimekusifu, baba."

"Ahaa. Basi sifa zako zimefika." Akakohoa kicheko kisichokuwa kicheko. "Mama wa bibi harusi alipita hapa. Ile harusi ya mwezi ujao niliyoitiwa kuiendesha. Anasema familia inafikiria."

"Inafikiria nini?"

"Kwamba MC mwongo anaweza kusimama siku ya harusi akataja ukoo usiokuwepo."

Banda lilikuwa limekufa miaka mingi, tangu kila mfuko ulipopata simu yenye sinema ndani yake. Likawa stoo ya mpunga. Baba mdogo alibaki na kitu kimoja tu kutoka mle, ile sauti, na kwa sauti hiyo alikuwa anaishi: harusi, sherehe za mahafali, mikutano ya vikundi vya akina mama. Watu wa Msalala walimwita kwa sababu ya jina, na jina ndilo nililoenda kulipaka rangi mtandaoni mpaka likaonekana na maadui. Harusi hii ikimtoka, zitakazofuata zitamtoka pia, kwa kuwa ndugu wa harusi moja ndio wenye harusi ya pili.

Bwana Ushahidi, ambaye hakujua lolote kuhusu bibi harusi, akapandisha dau. Mfasiri aitwe, aiangalie sinema mbele ya watu, atafsiri, na yeye atasoma maandishi ya chini. Ukweli utajulikana. Wafuasi wangu wakashangilia. Hakuna wanachokipenda kama mtu mwingine kuaibika. Nilimpigia baba mdogo nikamwomba akatae.

"Kwa nini nikatae?"

"Baba, unajua Kihindi?"

"Mwambie aje Jumapili, watu wakitoka kanisani," akasema. "Na aje na sinema. Ya kwangu ililiwa na panya."

Nilimtarajia mzee wa miwani mwenye hasira. Aliyeshuka kwenye pikipiki mbele ya banda alikuwa kijana wa rika langu, koti la suti katika joto lile, viatu vimepigwa rangi kisha vikapigwa vumbi. Alinipa mkono. "Nimefurahi kukufahamu," akasema, "ingawa hoja zako ni dhaifu." Alikuwa ametoka Shinyanga mjini asubuhi hiyo, kwa gharama yake, kwa sababu mama wa kwenye sinema hakusema matobolwa. Lazima nikiri nilimhusudu kidogo. Mimi sijawahi kusafiri mbali hivyo kwa ajili ya ukweli.

Ndani, magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa kando, na waliokosa benchi walikaa juu yake. Baba mdogo alikuwa ameazima projekta na kompyuta ya kwaya, shuka nyeupe ikatundikwa ukutani. Wachimbaji wengi wa zamani walikuja, sasa wana mvi na vitambi, wengine wana maduara yao wenyewe. Mbele kabisa alikaa mama wa bibi harusi, kitenge kipya, mkoba mapajani, uso wa mtu aliyekuja kukagua ng'ombe. Na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nilikuwa upande wa ndani wa bati.

Bwana Ushahidi alichomeka flashi. Sinema ikaanza, na yeye akaanza kusoma maandishi kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji. Baba mdogo alikaa kando, maiki mkononi. Nilimtazama yeye kuliko sinema. Alikuwa anaangalia kama mgeni.

Tukafika kwenye mama kipofu. Kijana anateremka kwenye farasi. Mwanamke mzee anatoka mlangoni, analia, anamshika uso.

"Anasema," Bwana Ushahidi akasoma, "'Askari wamepita hapa mara mbili. Usimfunge farasi wako kwenye uzio wangu.'"

Benchi moja likalia.

"Mama yake anamwambia hivyo?" mtu akauliza.

"Si mama yake. Ni mwenye nyumba. Anamdai kodi."

"Lakini ni kipofu."

"Si kipofu. Ameelekea jua."

"Na analilia nini?"

"Uzio."

Mzee mmoja aliyekuwa juu ya gunia, mchimbaji wa zamani mwenye kidole kimoja pungufu, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Kumbe ni sinema mbaya hivi?"

Bwana Ushahidi akasimamisha picha. Akamgeukia baba mdogo, na nakiri alikuwa na adabu. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Unajua Kihindi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Najua chapati."

Watu walicheka, lakini mama wa bibi harusi hakucheka. Aliufungua mkoba wake, akaufunga. Nilitamani lile bati linimeze nirudi nje.

"Kwa hiyo," akasema Bwana Ushahidi, akiwa tayari ameshinda na akijitahidi kutoonyesha, "miaka yote ile uliwadanganya watu hawa."

Aliyejibu ni yule mzee wa kwenye gunia.

"Alimdanganya nani?"

"Ninyi."

"Sisi?" Mzee akawageukia wenzake kama mtu aliyeambiwa kwamba ana pacha. "Kijana, sisi ndio tuliokuwa tunamwambia aseme nini."

Na hapo nikaambiwa, mbele ya adui yangu, kile ambacho bati lilinificha utoto wangu wote. Kabla jenereta haijawashwa, wachimbaji walikuwa wanapita pale kwenye deki na kuagiza. Leo yule tajiri wa suti nyeupe achapwe, kwa sababu leo mwenye duara ametudhulumu. Leo msichana akatae kuolewa na mzee. Kila mtu aliyeketi ndani alijua kwamba Kihindi hakuna anayekijua mle. Siku duara moja lilipoporomoka na wakatoka kuzika, walimwambia asife mtu. Mkanda wa siku ile ulikuwa wa vita. Baba mdogo alifanya kazi mpaka sauti ikamkauka: kila askari aliyeanguka, alisema, amejilaza, amechoka, kesho ataamka aende kazini. Uwanja mzima wa watu waliojilaza. Nao wakamsikiliza mpaka mwisho, hakuna aliyetoka.

"Na matobolwa?" nikauliza.

"Matobolwa niliagiza mimi," akasema mzee wa gunia. "Nilikuwa sijarudi kwetu Maswa muda mrefu. Nilikuwa namwogopa mama."

"Na michembe?"

"Ya michembe ilikuwa ya mwingine. Huyo alikuwa na mambo yake."

"Sasa, baada ya sinema, ulirudi kwa mama?"

"Sikurudi," akasema. "Lakini nililia vizuri sana."

Nikaikumbuka ile aya yangu ndefu. Falsafa ya msamaha ya Bara Hindi ilikuwa imekaa juu ya gunia la mpunga, inajikuna goti. Ningeweza kusema walikuwa wametudanganya sisi tuliosikiliza nje, lakini nje hakuna aliyetualika. Tuliojali kama baba mdogo anajua Kihindi tulikuwa sisi wenye masomo tu, mimi nikiwa wa kwanza, na Bwana Ushahidi, aliyepanda pikipiki tangu asubuhi kuja kupinga jambo ambalo hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuliamini.

Naye hakukubali. Alikuwa sahihi kwa kila kitu, jambo ambalo humfanya mtu asielewe kwa nini hapigiwi makofi. "Lakini sinema inasema jambo moja!" akasema. "Mtu hawezi kuingia hapa na kuagiza ukweli."

"Ukweli tumeuona," akasema mzee. "Ni kodi na farasi. Tumeusikia, tumeupokea. Sasa tunaomba sinema."

Mama wa bibi harusi alisimama. Hakumtazama Bwana Ushahidi, wala mimi. Alimtazama baba mdogo, ambaye alikuwa ameishika ile maiki kwa mikono miwili.

"Mimi nina swali langu," akasema. "Siku ya mwanangu, utasema ya kwako, au utasema tutakayokuagiza?"

"Mama, mimi ya kwangu sina," akasema baba mdogo. "Huwa nasema ya kuagizwa."

"Baba yake na bwana harusi ni mgomvi. Akilewa anatukana."

"Siku hiyo atakuwa anatoa pongezi," akasema baba mdogo. "Kwa ukali kidogo."

Hapo ndipo yule mama alipocheka. Akakaa, akaweka mkoba chini miguuni, kama mtu aliyemaliza kilichomleta na sasa ana nafasi. "Basi rudisha pale mwanzo," akasema. "Na leo mama asisamehe haraka. Amsumbue kwanza."

Banda likapiga kelele za kukubali. Mtu akaomba farasi awe pikipiki. Mwingine akaomba askari waje lakini wapotee njia. Baba mdogo alisimama kando ya shuka, akakohoa kama jenereta ile ya zamani, na mgongo wake ukanyooka. Picha ikarudishwa pale kijana anapoteremka kwenye farasi, ikaanza tena.

Bwana Ushahidi akakusanya koti lake. Alinitazama mimi, kwa kuwa kwa maoni yake mimi tu ndiye niliyepaswa kuwa upande wake. "Haya yote nitayaandika," akasema. Nikamwambia aandike, nitamjibu. Akasema flashi tumtumie kwa basi. Kisha akapita katikati ya magunia, akauvuta mlango, akatoka kwenye jua la mchana, na mwanga wote wa Bugarama ukaingia nyuma yake na kumwagika juu ya shuka. Kijana wa farasi akatoweka. Mama akatoweka. Ikabaki shuka tupu.

Watu walikuwa wameshavuta pumzi ili wapige ile kelele, lakini baba mdogo aliwahi. Hapo juu, mahali ambapo mama hakuonekana tena, sauti ya kike ya Kihindi ilikuwa bado inalia.

"Mama anasema hivi," akasema kwenye maiki. "Huyo anayetoka, afungiwe mlango."

Mzee wa kwenye gunia akanyoosha mguu, akausukuma, ukafunga.